Kabati Linataka Mwenyewe

Pazia alijua riziki imemwita kwa jina siku aliyomsikia tajiri akipiga chafya mara moja na nyumba ikaitikia mara tatu.

Alikuwa amesimama nje ya geti jekundu, mikono nyuma, akijifanya anasoma tangazo la mtu aliyepoteza kuku. Nyumba ilikuwa mpya, ya ghorofa, rangi yake bado inanuka. Mwenye nyumba alikuwa muuza vipuri vya magari ambaye mji mzima ulimwita Bwana Vipuri. Sasa, ukipiga chafya ndani ya nyumba yako na nyumba ikaitikia, ujue huna kochi. Na mtu mwenye pesa asiye na kochi, kwa hesabu za Pazia, ni tunda bivu lililoinamia barabarani.

"Nyumba ina njaa, maskini," alinong'ona, akaiweka sawa miwani yake isiyo na vioo. "Ina njaa, na mimi ndiye mpishi."

Tusimlaumu kabla ya kumjua. Pazia hakuzaliwa tapeli. Alizaliwa mvivu, utapeli aliupata kazini. Ujanani alikuwa akishona mapindo ya mapazia, na hapo ndipo alipopata jina. Akatumwa majumbani kwa watu kupima madirisha. Siku moja, nyumbani kwa mama mmoja, alisahau vipimo, akasimama kimya mbele ya ukuta akijaribu kuvikumbuka. Yule mama akaanza kujitetea mwenyewe: "Najua, najua, ile picha haikai vizuri pale." Pazia akatikisa kichwa kwa huzuni. Mama akampa chai, akampa na nauli. Tangu siku hiyo Pazia hakushona pindo tena. Alikuwa ameelewa kwamba binadamu, hata awe na kiburi cha namna gani, humwogopa mgeni anayeukodolea macho ukuta wake bila kusema neno.

Akajiita Mtaalamu wa Mapambo ya Ndani. Elimu yake ilikuwa jarida moja la nyumba za kigeni lililokaa kwa kinyozi, nalo lilikuwa limechanwa kurasa za katikati, kwa hiyo mambo ya jikoni hakuyajua kabisa na vyumba vya kulala alivijua nusu. Alivaa shati jeupe lisilo na kola na utepe wa kupimia shingoni. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaweka sikio ukutani, kisha akatoa majibu. Majibu yalikuwa mawili tu, maana hakuona sababu ya kuwachosha watu. Nyumba iliyojaa aliiambia imevimbiwa: vitu vitoke, vikapumzike, nyumba ipate kupumua. Nyumba tupu aliiambia ina njaa: iletewe vitu vilivyochaguliwa kwa mkono kutoka mbali. Vilivyotoka kwa waliovimbiwa ndivyo vilivyokwenda kwa wenye njaa. Huyu alilipa, yule alilipa, na Pazia hakuwahi kununua hata stuli. Mteja aliyeulizia vitu vyake aliambiwa bado vimelala, tusiviamshe.

Usafiri ulikuwa wa mtu mmoja aliyeitwa Breki, kwa sababu mkokoteni wake haukuwa nazo. Breki alikuwa na kifua cha fahali na moyo wa mtoto, na kasoro yake ilikuwa moja: ukimpa sahani ya chakula, anakupa kila anachokijua. Pazia alilijua hilo, lakini hakulitilia maanani. Alifikiri Breki hajui kitu.

Basi akabisha geti. Mlinzi akamtazama kuanzia miwani hadi soksi.

"Una miadi?"

"Nimeitwa."

"Na nani?"

"Na nyumba."

Mlinzi, ambaye katika mafunzo yake hakufundishwa la kufanya nyumba ikimwita mtu, akafungua.

Bwana Vipuri alikuwa ameketi juu ya ndoo ya rangi katikati ya sebule. Alikuwa mtu mnene wa makamo, mwenye sura ya mtu aliyezoea kutajiwa bei na kuikata nusu. Pazia hakumsalimu. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akaweka sikio, akafumba macho.

"Wewe nani?"

Pazia akainua kidole: subiri kwanza. Akasikiliza tena. Kisha akageuka, uso umejaa huruma.

"Pole sana, Mzee wangu. Haijala tangu lini?"

"Nani?"

"Nyumba."

Bwana Vipuri akatazama kulia na kushoto, akashusha sauti kama mgonjwa anayemtajia daktari mahali panapomwasha. "Nikikohoa, inanirudishia. Juzi nilijisemesha mwenyewe nikadhani nimepata mgeni. Nilikuwa nimeshafurahi."

"Hiyo ni njaa. Na usije ukakimbilia dukani! Vitu vya dukani ni vichanga, vitakulilia. Nyumba hii inataka vitu vya umri, vilivyokaliwa, kutoka mbali."

"Mbali wapi?"

"Mbali sana," alisema Pazia, akanyoosha kidole dirishani, upande ambao kwa bahati ulielekea mtaa wa tatu kutoka hapo.

Tajiri akafikiri. "Sawa. Lakini mimi ni mtu wa vipuri, silipii injini kabla sijaisikia ikinguruma. Wewe kamilisha nyumba. Siku ukikamilisha nitakupa bahasha ambayo mwenyewe utashindwa kuifunga."

Kwa kawaida Pazia alidai chake mapema, kabla wateja hawajapata nafasi ya kufikiri. Lakini kwa miaka alikuwa akiota ofisi yake mwenyewe yenye mlango wa kioo na jina lake limeandikwa kwa dhahabu, na sasa aliuona mlango huo ukifunguka ndani ya ile bahasha. Tamaa mbele, mauti nyuma. Pazia aliijua sana methali hiyo. Aliitumia kuwaonya wateja wa wenzake.

*

Katika mtaa wa tatu aliishi mwalimu mkuu mstaafu, mama aliyekuwa amefundisha nusu ya mji na kuichapa nusu nyingine. Wote walimwita Mwalimu tu. Pazia alikuwa ameshaichungulia sebule yake mara nyingi akipita. Ilikuwa na meza ndefu ya watu kumi na wawili na mlaji mmoja, saa ya kusimama yenye urefu wa mlango, na kabati la vyombo la milango ya vioo. Mtu akitaka kutoka mlangoni hadi dirishani ilimbidi apite ubavu ubavu kama kaa.

Pazia alisikiliza ukuta. "Imevimbiwa."

"Sema kwa sentensi kamili," aliagiza Mwalimu.

"Nyumba yako, Mwalimu, imevimbiwa."

"Vizuri. Endelea."

"Vitu vimekaa vinanyang'anyana hewa. Hebu niambie ukweli, ukikaa humu kifua hakikubani?"

Lilikuwa swali lake la kila siku, na jibu lake la kila siku lilikuwa "kidogo." Lakini Mwalimu alivitazama vitu vyake kimoja kimoja.

"Kinabana," alisema. "Miaka mingi sasa."

"Umeona! Tuanze na hiki." Pazia akapiga kofi kiti kikubwa cha mbao chenye ngozi ya kahawia, ambacho kilionekana hakikaliwi na mtu.

"Hicho kilikuwa cha marehemu baba."

"Ndicho kinachobana kuliko vyote."

"Umejuaje?"

"Ndiyo kazi yangu," alisema Pazia, ambaye alikuwa amekichagua kwa sababu kilikuwa karibu na mlango.

Kuhusu malipo, Mwalimu alikuwa na msimamo. "Mimi sitoi maksi kabla mtihani haujasahihishwa. Ukimaliza kazi, utapata unachostahili." Katika sentensi hiyo yote Pazia alisikia neno "utapata." Kisha Mwalimu akamwita Breki jikoni ale kitu kabla ya kubeba, maana kubeba na njaa ni dhambi. Walikaa huko kitambo. Mwalimu aliporudi, macho yake yalikuwa yamelowa na mdomo wake unacheka.

"Vitunguu," alieleza, ingawa hakukuwa na harufu ya vitunguu. "Haya, kipelekeni huko kinakokwenda kupumzika. Polepole tafadhali, kimezoea kuegemea kushoto."

Breki alitoka nyuma yake akijifuta mdomo, akiwa na amani ya mtu aliyeshiba na kutoa kila alichokuwa nacho.

*

Bwana Vipuri alikizunguka kile kiti mara mbili bila kukigusa. Halafu akakaa. Kabla kiti hakijaegemea kushoto, yeye alikuwa ameshaegemea. Mkono wake ukashuka wenyewe chini ya mbao ya kuwekea mkono, ukapapasa, ukapata kitu, ukatulia hapo.

"Kimetoka wapi?"

"Mbali sana, Mzee wangu. Kilikuwa cha mzee mmoja mtukufu, ng'ambo ya milima."

"Ng'ambo ya milima."

"Milima mirefu mno. Tumepoteza punda wawili."

Kidole cha Bwana Vipuri kikaendelea kupapasa palepale chini ya ile mbao. Pazia akadhani anatafuta bei, akajiandaa kwa vita. Lakini tajiri aliuliza taratibu, "Huyo mzee wa milimani hakuwa na meza? Ndefu? Yenye alama ya pasi iliyounguza upande mmoja?"

"Alama ya pasi?"

"Nimehisi tu. Si ulisema nyumba inasema? Imeniambia."

Pazia alicheka moyoni mpaka akaumwa mbavu. Mteja ameanza kusikia kuta! Lakini alipofika kwa Mwalimu, kabla hajavua hata kiatu cha pili, mama alimlaki mlangoni. "Mwanangu, tangu kile kiti kiondoke napata nafuu. Sasa inayonibana ni meza."

Pazia akaisogelea ile meza, kiatu mkononi. Akainua kitambaa. Kwenye kona kulikuwa na alama nyeusi, kubwa, yenye ncha mbele, umbo la pasi kamili.

Mtu mwenye akili angejiuliza swali. Pazia alikuwa na akili, lakini alikuwa na majivuno zaidi, na yanapogombana hayo mawili akili ndiyo hupisha njia.

"Breki," alisema wakisukuma meza, "nina kipaji."

"Kipaji gani, Kaka?"

"Nilidhani nawadanganya watu. Kumbe nasema kweli! Nyumba zinaongea kupitia kwangu."

Breki, ambaye mdomo wake ulikuwa umejaa vilivyotoka jikoni kwa Mwalimu, aliitikia kwa kichwa. Pengine alitaka kusema neno, lakini mama yake alimlea asiseme huku anatafuna, na kwa Mwalimu chakula kilikuwa kingi.

Ikafuata saa. Bwana Vipuri aliitaka saa ya kusimama ambayo ikifika saa kumi inapiga kumi na mbili. Mwalimu, siku iyo hiyo, alisema anayo saa inayomdanganya kila alasiri na angefurahi ikiondoka machoni pake. Pazia hakustaajabu tena. Alianza kutembea polepole na kugusa miti. Nyumbani alikokaa, kwa shangazi yake, alimhubiria jinsi roho za vitu zinavyotafutana.

"Na roho ya mtu aliyeahidi kuninunulia mkaa, yenyewe inatafuta nini?" aliuliza Shangazi.

Shangazi alikuwa mjane wa maneno machache. Alimpa Pazia chumba cha bure nyuma ya chumba chake, chumba ambacho kwa kweli kilikuwa korido iliyopata mlango: kitanda, msumari wa kutundika shati, basi. Bila korido ile Pazia angelala mtaroni, na yeye mwenyewe alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua jambo jingine lolote duniani.

*

"Limebaki kabati," alisema Bwana Vipuri. "La vyombo, milango ya vioo, mmoja unalia ukifunguliwa. Hilo likija, nyumba imekamilika na bahasha yako iko tayari."

Pazia alikwenda kwa Mwalimu akiimba. Alimkuta amesimama mbele ya kabati, mgongo umeligusa, kama mtu anayezuia mlango.

"Najua umefuata nini," alisema. "Jibu ni hapana. Kabati haliendi kwa mkokoteni."

"Lakini Mwalimu, ndilo linalobana kuliko vyote!"

"Linabana sana. Ila kabati linataka mwenyewe."

"Mwenyewe yupi?"

"Wewe wapelekee jibu hilo huko mapumzikoni. Kabati linataka mwenyewe. Usiongeze neno, usipunguze."

Pazia alitoka amenuna. Bahasha iko pale, mlango wa kioo uko pale, na katikati amesimama bibi mmoja na kabati lake. Ujumbe hakuupeleka. Mtaalamu hampelekei mteja mafumbo, humpelekea kabati. Na kabati la vyombo, akakumbuka, lipo jingine. Lina milango ya vioo, ingawa kioo kimoja kimezibwa kwa boksi, na mlango mmoja unalia. Tatizo pekee lilikuwa kwamba ni la Shangazi.

Kwa bahati nzuri, au mbaya, Shangazi alikuwa amekwenda kumtazama binti yake aliyejifungua. Pazia alivitandaza vyombo vyake kitandani kwa heshima zote, sufuria upande wa kichwa, vikombe miguuni. Breki akalikumbatia kabati, akalivuta.

"Kaka, huku nyuma kuna dirisha."

"Breki, hatuna muda wa madirisha."

Hivyo ndivyo alivyosema mtu aliyeitwa Pazia. Na tuendelee.

Shangazi alirudi kesho yake. Alisimama mlangoni, akatazama vikombe vyake kitandani, akatazama mahali palipokuwa na kabati, kisha akaita bila kupaza sauti, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Pazia. Kabati langu liko wapi?"

"Limekwenda kupumzika, Shangazi."

"Limechokeshwa na nini? Kazi yake ni kusimama!"

"Ndiyo hapo sasa. Kusimama miaka yote..."

"Nisikilize, mwanangu. Kabati lile nililinunua kwa kuuza maandazi, asubuhi moja baada ya nyingine. Lisiporudi kabla ya Jumapili, atakayepumzishwa ni wewe, na nitakupumzisha barabarani."

Pazia alipiga magoti palepale. Aliapa kwa kila kitu kinachoapiwa: Jumamosi analipwa, Jumamosi hiyo hiyo anamnunulia kabati jipya, lenye kioo cha kujitazamia.

*

Lakini Bwana Vipuri alilifungua lile kabati mara moja tu, akasikiliza mlango ukilia.

"Hili silo."

"Silo lipi, Mzee wangu?"

"Kijana, nauza vipuri tangu nina nywele. Mtu akiniletea kipuri cha gari jingine amekipaka rangi, nakijua kwa sauti. Hili linalia kwa maringo. Lile lilikuwa linalia kwa huzuni." Akamkazia macho. "Huko ulikokwenda, uliambiwa nini hasa?"

Uongo ulimjia Pazia mdomoni kwa mazoea, ukakwama. "Nimeambiwa... kabati linataka mwenyewe."

Tajiri akasimama. "Rudia."

"Linataka mwenyewe. Nimeambiwa nisiongeze, nisipunguze."

Bwana Vipuri akapapasa mifukoni akitafuta funguo za gari ambazo alikuwa amezishika mkononi. Akatoka na ndala mguu mmoja. Gari likawaka, likazima, likawaka tena. Kutoka dirishani akapaza sauti, "Njoo Jumamosi mchana uchukue bahasha!"

Pazia hakuelewa kitu, lakini neno bahasha halikuhitaji kueleweka.

Jumamosi alipiga pasi lile shati. Alimtafuta Breki, akaambiwa amepata kazi nyingine. Akaenda peke yake hadi kwenye geti jekundu, akavua viatu, akaingia sebuleni na tabasamu tayari usoni. Meza ilikuwa pale, imetandikwa. Saa ilikuwa pale. Kwenye ukuta wa kulia kulikuwa na makabati mawili: la Shangazi, na lile jingine. Bwana Vipuri alikuwa kwenye kiti cha mbao, ameegemea kushoto. Na upande wa pili, kikombe cha chai mkononi, alikuwa amekaa Mwalimu.

Katika kazi ya Pazia hakuna mauti mabaya kuliko wateja wawili kukutana chumba kimoja. Alijaribu.

"Mwalimu! Umekuja kuvitembelea vitu vyako mapumzikoni!"

Wale wawili wakatazamana, wakaangua kicheko. Walicheka kifua kwa kifua, kicheko kimoja chenye sauti mbili, mpaka Mwalimu akaweka chai chini isimmwagikie. Ndipo Pazia alipoona kwamba pua zao ni moja.

"Keti, mtaalamu," alisema Bwana Vipuri. "Huyu ni dada yangu. Alipofariki baba tuligombania vitu hivi. Mimi nikaondoka na koti langu, nikasema sitakanyaga kwake mpaka aniite. Yeye akasema hataniita mpaka nije."

"Nilijinyakulia vyote," alisema Mwalimu. "Nikakaa navyo, kila kimoja kinaniuliza mdogo wangu yuko wapi. Nilitamani sana kumrudishia, lakini ningeanzaje? Ndipo ukaja wewe na sikio lako ukutani. Yule kijana wako alikula sahani moja tu jikoni, akanitajia geti jekundu, nami nikajua ni la nani."

"Na mimi nilikikalia kiti," alisema Bwana Vipuri. Akapapasa tena chini ya ile mbao. "Hapa nilichora jina langu kwa msumari nikiwa mdogo. Nilipigwa kweli kweli. Na mpigaji alikuwa huyu."

"Ulistahili," alisema Mwalimu.

"Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Wewe, kijana, ulichukua mkokoteni!"

Wakacheka tena. Pazia naye akacheka kidogo, kwa adabu. Kwa mara ya kwanza alitamani kitu ambacho hakikuwa cha kuuzwa: kukaa pale mezani, mtu amtanie juu ya jambo la utotoni. Ilimuuma, akaharakisha kuulizia bahasha.

Bwana Vipuri akampa. Ilikuwa kubwa, ya kahawia. Pazia akaifungua, akachungulia, akaigeuza, akaitikisa. Haikutoka hata chembe ya vumbi.

"Mzee wangu, haina kitu."

"Ilikuwa imevimbiwa," alieleza tajiri kwa huruma. "Tukaona bora tuipumzishe."

"Na kuifunga hutaweza," aliongeza Mwalimu. "Haina gundi. Umepata unachostahili, na nimekuongezea maksi mbili kwa juhudi. Malipo ya kubeba tumeshampa mbebaji. Sasa hivi ananihamishia nguo zangu huku kwa gari la kukodi, mkokoteni wake uko nje na yuko radhi uutumie. Kabati la watu tulijua silo la milimani. Lirudishe."

Ungemshitaki nani, kwa kosa gani? Kwamba ulitaka kuwauzia vitu vyao wenyewe wakakataa kununua?

*

Pazia alisukuma mkokoteni mwenyewe. Kupanda mlima alilia jasho. Kushuka aligundua kwa vitendo jina la rafiki yake lilitoka wapi: alikimbia mbele ya kabati la Shangazi akipiga kelele "Pisheni! Pisheni!", utepe wa kupimia ukipepea nyuma ya shingo, miwani ikibaki njiani. Watu walipisha, wengine wakampigia makofi. Liliposimama, lilisimama mlangoni kwa Shangazi kabisa, na hilo lilikuwa jambo pekee lililokwenda sawa siku ile.

"Shangazi!" alihema. "Kabati lako hili hapa! Kabla ya Jumapili!"

Shangazi alikuwa amekaa chumbani kwake kwenye kigoda, anachambua mboga. Upepo mwanana ulikuwa ukimpuliza ushungi. Nyuma yake, mahali palipokuwa na kabati, dirisha kubwa lilikuwa wazi, na jua la alasiri limeingia hadi kitandani.

"Umeona?" alisema Shangazi, na sauti yake ilikuwa ya upole ambao Pazia hakuwahi kuusikia. "Miaka yote hii nilikuwa na dirisha. Marehemu ndiye aliyeliweka kabati pale, nami sikuwahi kuuliza kuna nini nyuma. Juzi nikavuta mbao zilizoliziba. Naona mpaka kwa jirani! Nimelala kama mtoto." Akamtazama mpwa wake. "Mwanangu, nilikutukana bure. Kumbe unajua kazi. Nyumba ikipungua kweli inapumua."

Pazia alilitazama dirisha. Katika maisha yake yote ya mapambo, hii ndiyo ilikuwa nyumba ya kwanza aliyoipamba ikapendeza, na hakuwa amekusudia.

"Sasa kabati nilirudishe wapi, Shangazi?"

"Hapa haliwekwi tena."

"Tuliuze, basi?"

"Kabati langu la maandazi? Thubutu! Liweke kwako."

Wakalisukuma wote wawili. Katika korido iliyopata mlango, kabati lingeingia ikiwa kitanda kingetoka, kwa hiyo kitanda kikatoka, kikaenda kupumzika uani, na kabla jua halijazama Shangazi alikuwa ameshamwahidi jirani. Kabati likakaa ukuta kwa ukuta. Pazia alizunguka akitafuta mahali pa kusimama, akakosa hata pa kuzungukia. Akatoa rafu za chini, akaingia ndani ya kabati kinyumenyume, magoti yamefika kidevuni, akavuta mlango. Mlango ukalia kwa maringo.

Alikaa humo akifikiri. Alifikiria mlango wa kioo aliouota miaka yote, na sasa anao, wa vioo viwili kabisa, mmoja umezibwa kwa boksi. Akacheka peke yake, kabati zima likatikisika.

Shangazi akapita na sufuria, akainama, akagonga kioo kwa kidole.

"Wewe Pazia! Humo ndani unapumua?"

Pazia alilifikiria swali hilo kama mtaalamu.

"Napumua, Shangazi," alijibu. "Ila naomba unifungulie. Kitasa kiko nje."